Picha ya kijana usikimbilie kuitafsiri

Wewe unayeanza kazi ya tiba ya sanaa (kumsaidia mtu kupitia kuchora, kupaka rangi na kufinyanga) na vijana wanaojiumiza kwa makusudi, nakuomba kwanza ujizuie kusema. Mwaka wangu wa kwanza, binti wa miaka 14 alipaka karatasi nzima rangi nyekundu. Nikamwambia kwa upole, "Naona una hasira nyingi." Akaigeuza karatasi kifudifudi, na kwa vikao vitatu hakuchora tena. Baadaye sana ndipo aliponieleza kwamba lile lilikuwa pazia la chumba cha bibi yake, mahali pekee alipolala bila hofu. Siku hizi nagusa kona moja tu ya karatasi na kusema, "Nielezee hapa," kisha nasubiri. Kimya kile ni kizito, lakini usikijaze wewe.

Wengi hujiumiza ili kutuliza hisia zilizowazidi nguvu, au ili wahisi chochote wanapokuwa wamekufa ganzi. Mara nyingi hawakusudii kufa. Hata hivyo, kujiumiza huongeza hatari ya kujiua, kwa hiyo muulize waziwazi kama anawaza kufa. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Tena siku ya kwanza kabisa mweleze mipaka ya siri: maisha yake yakiwa hatarini, utawashirikisha wengine, na utajitahidi yeye awe wa kwanza kujua.

Vifaa navyo vina tabia zake. Penseli hutii mkono. Rangi ya maji hutiririka itakavyo. Kijana aliyefurika hisia simwanzishii rangi ya maji. Udongo wa kufinyanga huwafaa wengi, maana hupondwa na kuumbwa upya. Mikasi ihesabu kabla na baada ya kikao, kwa kila kijana, asijione anashukiwa peke yake.

Akitaka kuchana picha, mwache achane. Vipande vitie kwenye bahasha yake. Picha yake usiibandike ukutani, wala usimwonyeshe mzazi bila ridhaa ya kijana mwenyewe.

Usimwahidi mtu kwamba sanaa pekee itatosha. Daktari, tiba ya mazungumzo na familia vinahitajika, nawe unahitaji msimamizi wa kumweleza yanayokulemea.

Zikibaki dakika 10, acha kuuliza ya ndani. Mpe kazi ya mikono: kufunika makopo ya rangi, kufuta meza. Yule binti alikuwa akiosha brashi moja moja hadi maji yatoke safi, ndipo anachukua mkoba wake.