Watu 58 wamesema wataitumia apu yetu ya pati, tuanze kujenga?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Sisi ni wawili, tunakaa Kansanga hapa Kampala, tumemaliza chuo mwaka jana. Tunataka kutengeneza apu ya muziki wa pati. Mwenye pati anafungua chumba, wageni wanaskani QR, kila mtu anaongeza wimbo anaotaka, wengine wanapiga kura, wimbo wenye kura nyingi ndo unaingia kwenye spika. Tumepitisha fomu ya Google kwa watu 64, na 58 wamesema wataitumia. Fundi mmoja ametupa bei ya milioni 6, nusu kabla hajaanza, wiki tatu imeisha, na laki nane juu ya hapo ya kutusajilia aidia isiibiwe. Pesa ipo, ni ya familia. Je, aidia yetu ina soko? Tuanze?

JIBU: Marahaba wadogo zangu. Kama hizo milioni tatu za kwanza bado hazijatoka kwenye momo yenu, hiyo pesa ya kwenye simu, ziacheni hapohapo mpaka mmalize kusoma jibu hili.

Sitaki kuanza na apu, nataka kuanza na hao watu 58, manake hao ndo wananiumiza roho, na si wenu peke yao. Kazi yangu ni kutengeneza programu na kushauri wanaotaka kutengenezewa, na mwezi haupiti bila mtu kunifungulia fomu ya Google yenye lile duara la rangi mbili, rangi moja imemeza nyingine, ananiambia mwalimu ona, soko hili hapa. Hilo si soko jamani. Mmemtumia rafiki yenu linki usiku kwenye WhatsApp, mmemuuliza kama angependa apu ya kuchagua nyimbo kwenye pati, hakuna hela anayotoa, hakuna anachopoteza, na sisi huku hatukulelewa kumvunja mtu moyo akija na jambo lake, kwa hiyo kabonyeza ndiyo akarudi kwenye mambo yake. Amewatakia heri tu. Hajawaahidi kwamba Jumamosi saa nne usiku, glasi iko mkono mmoja, atatoa simu, awashe data ambayo tangu 2021 ina ushuru wa asilimia 12 juu yake, askani karatasi, aandike jina la wimbo, alafu akae asubiri wenzake wapige kura.

Miaka michache iliyopita kijana mwingine aliniletea aidia karibu sawa na yenu, yeye alikuwa anataka mabaa badala ya pati za nyumbani. Nikamwambia tusiandike hata mstari mmoja wa programu, tuombe ruhusa kwenye kafunda kamoja, baa ndogo ya mtaani, huko Kabalagala, tukate boksi la maji, tuandike kwa kalamu ya maka nyeusi UNATAKA WIMBO? TUMA JINA LAKE WHATSAPP NAMBA HII, tuliegemeze kaunta. Yeye akakaa na simu, mimi nikakaa karibu na DJ. Saa nzima ya kwanza simu kimya. Baadaye meza moja ya wanafunzi ikatuma nyimbo tano mfululizo, zote amapiano, alafu kimya tena. Na muda wote huo watu wanapita mbele ya boksi, wengine wanalisoma kabisa, naona midomo inasogea, alafu wananyoosha moja kwa moja kwa DJ. Kulikuwa na mzee mmoja amevaa shati la kitenge, akakunja noti ya elfu tano mara mbili, akamsukumia DJ kwenye kiganja, akamwinamia sikioni, na Lingala yake ilipogonga tu akageuka kuangalia meza yake kama wamesikia. Meza nzima ikanyanyua chupa.

Pale ndo nikaelewa hiyo biashara vizuri kuliko fomu mia zingenielewesha. Yule mzee hakuwa na shida ya kura. Alitaka wimbo wake, saa hiyohiyo, na watu wajue ni yeye. Kwenye taarabu hicho kitu kina jina siku nyingi, kutuza, mtu anainuka na noti yake anaifikisha mpaka mbele ya mwimbaji, na ile safari yenyewe kutoka kitini mpaka mbele ndo raha yake. Kura inaua hiyo raha. Alafu kura inampa ushindi mwenye meza kubwa, na wimbo uliopata kura saa tatu watu wakiwa wamekaa wanakula unafika kwenye spika saa tano wamesimama wanacheza, unawakalisha wote. Muulizeni DJ yeyote anayepiga kasiki, zile pati za kabla ya harusi, atawaambia kujua nyimbo zinazopendwa ni kazi ndogo, kazi yenyewe ni kujua upi unafuata baada ya upi, na hiyo ndo mnataka kumnyang'anya muwagawie watu 40 ambao kila mmoja anafikiria wimbo mmoja tu.

Sasa nyimbo zenyewe zitatoka wapi? Hili swali nina hakika fundi wenu wa wiki tatu hajawauliza, kwa sababu angewauliza asingewapa wiki tatu.

Mkisema Spotify, sawa, ipo Uganda tangu 2021 na API wanayo, yaani mlango wa apu za watu wengine kutumia nyimbo zao, lakini ili wimbo uchezwe kupitia apu yenu mwenye pati lazima awe analipia Premium, masharti yao yanakataza kujenga biashara ya kustrimu juu ya API yao, na 2025 wakakaza zaidi, apu ya kutoka kwenye hatua ya majaribio kwenda kwa watu wote lazima iwe ya kampuni iliyosajiliwa na iwe tayari na watumiaji wasiopungua 250,000 kwa mwezi. Someni tena hiyo namba. Nyinyi mnaanza na sifuri. Mkisema YouTube, huko ndo mafundi wengi wanakimbilia, masharti yanakataza kutenganisha sauti na video, yanakataza pia kucheza wimbo nyuma huku mtu yuko kwenye apu nyingine au skrini imezimwa. Na kuna hesabu ndogo ambayo hawaielezi: kwa kawaida wanaipa apu yako yuniti 10,000 za matumizi kwa siku, kutafuta wimbo mara moja kunakula yuniti 100, maana yake apu nzima, watumiaji wenu wote kwa pamoja, wanatafuta mara 100 kwa siku basi. Pati moja ya watu 40 inazimaliza kabla nyama haijaiva. Kuomba nyongeza inaruhusiwa, ila wanakagua kwanza kama apu inafuata masharti, na yenu haitakuwa inayafuata.

Alafu sehemu kubwa ya kile mnachotaka kujenga kwa ajili ya pati za nyumbani tayari ipo. Tangu Septemba 2023 Spotify wana kitu kinaitwa Jam, mwenye Premium anafungua, wageni wanaskani QR, hata wale wa akaunti ya bure, kila mtu anaongeza wimbo kwenye foleni moja. Hamkukitaja kabisa kwenye swali, na hilo ndo lilinifanya niandike jibu refu hivi, manake mtu anayetaka kuweka pesa ya familia kwenye kitu anatakiwa awe amekaa jioni nzima anatumia kile kinachofanana nacho.

Na kabla ya hiyo Jam, Marekani kulikuwa na turntable.fm, 2011, watu wanaingia kwenye vyumba mtandaoni, wanapokezana kuwa DJ, wengine wanasema wimbo huu ndiyo au huu hapana, na ilipendwa kwelikweli, siyo kwa fomu, watu walikuwa wanashinda humo. Walipata mamilioni ya dola ya wawekezaji. Muda si mrefu wakalazimika kuwafungia mlango watu wa nje ya Marekani kwa sababu ya laiseni za muziki, na Desemba 2013 wakafunga. Mwanzilishi wake mwenyewe alisema zaidi ya robo ya pesa yao ilikwenda kwa mawakili, mirabaha na huduma za kuhakikisha muziki unapigika. Hao walikuwa na mamilioni ya dola. Huku kwetu baa ikipiga muziki hadharani inatakiwa iwe na laiseni, sheria ya hakimiliki ni ya 2006, na UPRS, chama cha haki za muziki, ndo wanakusanya kwa niaba ya watunzi, kwa hiyo mkienda kumuuzia mwenye baa mashine ya nyimbo swali la laiseni atawarudishia nyinyi.

Je, hakuna kitu kabisa ndani ya wazo lenu? Mimi naona kipo, ila kiko kwa yule mzee wa kitenge na DJ wake. DJ anabaki na nyimbo zake, anabaki na uamuzi wake, nyinyi mnabeba ombi na hela tu, mgeni anatuma jina la wimbo na elfu mbili au elfu tano kwa momo, jina lake linatokea kwenye skrini kubwa ukutani, DJ akikubali anaupiga, akikataa hela inarudi. Hapo hamgusi faili la wimbo hata moja. Marekani mashine za TouchTunes kwenye mabaa zinaishi hivyohivyo, mtu analipa wimbo, anaongeza hela wimbo wake uruke foleni.

Lakini hata hili msilijenge. Mimi pia naweza kuwa nimeipenda tu aidia, na kupenda kwangu hakuna tofauti na kwa wale 58. Tafuteni DJ mmoja, Jumamosi tatu, boksi na maka kama sisi, safari hii namba iwe ya momo na bei iandikwe. Hesabuni wangapi wamelipa na wangapi wamemfuata DJ wakitaka bure, andikeni kwenye daftari saa ngapi na wimbo gani. Jumamosi ya nne msiende na boksi, kaeni kimya tu. DJ akiwapigia kuuliza boksi liko wapi, njooni tuongelee apu. Asipopiga, mmetumia boksi, maka na nauli ya boda, na milioni sita za familia zipo.

Hiyo laki nane ya kusajili aidia ni wizi, naandika bila kuzunguka. Sheria hiyohiyo ya 2006 inasema wazi mawazo hayalindwi na hakimiliki, kinacholindwa ni kazi yenyewe ikishaandikwa au kutengenezwa. Jina na nembo ndo mnaweza kusajili URSB, ofisi ya serikali ya usajili, kama alama ya biashara, na mnaenda wenyewe, fomu zipo. Anayewauzia karatasi ya kulinda aidia anawauzia hofu, ameona mna wasiwasi wa kuibiwa akaupangia bei.

Na hapa sasa naongea na kila mtu anayesoma hii, si wa Kansanga tu, ju hawa watu wameongezeka sana. Wanakaa kwenye magrupu ya wajasiriamali, wanasubiri kijana aandike nina aidia ya apu, dakika tano yuko inbox na bei, na hakuulizi nani atalipa, hakuulizi watu wanafanyaje hiyo kitu leo bila apu, anauliza rangi ya logo. Mwaka jana mama mmoja mwenye saluni Arua aliniletea simu yake ofisini, akaiweka mezani, akafungua apu aliyotengenezewa ya kubuku nywele, tukaangalia kile kiduara kikizunguka, kikazunguka, hakikufunguka kitu. Seva ilikuwa haijalipiwa. Nikamwambia twende kwenye akaunti ya Google Play, pale apu inapowekwa watu waipakue, tuone, kumbe akaunti ilikuwa ya fundi, imefunguliwa kwa barua pepe ya fundi, mafaili ya programu yako kwa fundi, na fundi hashiki simu. Mama ana risiti tu iliyoandikwa kwa mkono. Na aliniambia kitu kilichonikaa, kwamba wateja wake mpaka leo wanabuku kwa kumpigia na hajawahi kusikia hata mmoja akilalamika.

Akaunti ya kuweka apu kwenye Play ni dola 25 mara moja tu, ya Apple ni dola 99 kwa mwaka, fungueni wenyewe kwa majina yenu na barua pepe zenu kabla fundi hajaandika chochote, na mafaili ya programu yawe yanaingia kwenye akaunti yenu kila wiki mnayoyaona. Kwa apu yoyote ya muziki, siku anapokuja kuomba nusu ya kwanza, mwambieni awaoneshe kwa kidole, kwenye ukurasa wa masharti wa hao anaotaka kuchukua nyimbo zao, mstari unaomruhusu. Akisema atawatumia baadaye, rudisheni simu mfukoni.