Leseni ya gari haikuruhusu kuendesha pikipiki

Dada, umeuliza kama daraja D la gari linatosha kuendesha pikipiki yako mpya kutoka Mbagala hadi Posta, hapa Dar es Salaam. Halitoshi. Madaraja B na D ya gari yote yanaacha pikipiki nje. Unahitaji A1 kama injini ni chini ya cc 125, au A kama ni kubwa zaidi. Bajaji ina daraja lake, A2. Kwa hiyo angalia kwanza cc kwenye kadi ya pikipiki, maana wengi wanaomba A1 huku wana ya 150.

Utachukua lena (leseni ya kujifunzia), utasoma chuo kinachotambulika, utapimwa na trafiki, kisha TRA (Mamlaka ya Mapato) wanaliongeza daraja kwenye leseni yako. Huanzi kama mtu asiye na leseni kabisa.

Lakini nakuomba usiende chuo kwa ajili ya cheti tu. Alama za barabarani unazijua; mwili wako ndio haujui. Kwenye pikipiki klachi iko mkono wa kushoto, gia mguu wa kushoto, breki ya mbele mkono wa kulia, ya nyuma mguu wa kulia. Ukishtuka, mguu utatafuta klachi ya gari. Mimi nilianguka hivyo hivyo, kwenye mchanga, nikiwa nimebana breki ya mbele peke yake. Fanya mazoezi ya kusimama ghafla uwanjani mpaka uzoee, na kofia ngumu ifungwe kidevuni hata ukienda dukani.

Na njia ya mabasi ya mwendokasi usiiguse.