Nyumba ya askari aliyekatwa mguu: maswali yenu

*Niliacha mguu vitani. Nataka kuandikia wakuu wa jeshi wanipe nyumba isiyo na ngazi. Niseme nini? — Papa wa Katuba*

Jambo Papa. Usianze na vita. Karani hafiki ukurasa wa pili. Anza na cheo, namba ya matrikile (namba yako ya jeshi), kisha nyumba unayoomba. Daktari naye asiishie kuandika "amekatwa mguu". Aandike: hawezi kupanda ngazi, anatumia kiti cha magurudumu, mlango wa choo uwe na upana wa sentimeta 90. Taja kifungu cha 49 cha Katiba ya Kongo na sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, inayolinda watu wenye ulemavu. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri urudi nayo. Bila muhuri, kesho utaambiwa barua haikufika.

*Mwenye nyumba anadai garanti (amana ya kodi) ya miezi sita, tena hataki nijenge mteremko wa kiti cha magurudumu mlangoni. — Ruashi*

Miezi sita hapana. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inakomea miezi mitatu kwa nyumba ya kukaa.

Mteremko ndio wenye kazi. Kila sentimeta moja ya kimo inataka sentimeta 12 za urefu, kwa hiyo kizingiti cha sentimeta 25 kinakula mita tatu za parsele (kiwanja). Nafasi ikikosekana, ukunje kona, ila pale konani acha uwanja bapa wa mita moja na nusu kiti kigeuke. Simenti ikiwa bado mbichi, buruta ufagio juu yake kwa kukata njia. Mvua za Januari za hapa Lubumbashi zinageuza simenti laini kuwa sabuni.

Akizidi kukataa, mwandikie kwamba utaweka wa mbao na utaubomoa ukihama. Nimeona wengi wasioogopa mteremko hata kidogo: wanaogopa mpangaji atakayejiona kwake.

*Mume wangu anaona haya kutumia kiti chenye tundu juu ya choo cha shimo. — Mama, komini (mtaa) ya Kenya, Lubumbashi*

Mama, usikilete kama zawadi. Mwite seremala nyumbani, mzee mwenyewe ampimie: kimo kilingane na kiti chake cha magurudumu ili ateleze tu kutoka kimoja hadi kingine, na bomba la kushikia lifungwe upande wa mkono wake wenye nguvu. Upande upi, atasema yeye.