Mwanangu, kuhusu hayo mawe ya nyongo

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema ultrasaundi imeonyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo, na maumivu yamekushika mara mbili tangu Ramadhani. Unaniuliza upasuliwe au usubiri.

Mimi nilisubiri. Kila nikila pilau la shughuli, usiku wa manane chembe cha moyo kinabana, maumivu yanazunguka hadi bega la kulia, najikunja sakafuni nimekumbatia mto mpaka alfajiri. Nikayaita gesi, nikanywa tangawizi. Miezi saba hivyo, hadi siku homa ilipopanda, mkojo ukawa kama chai ya rangi na macho manjano kama bizari. Jiwe lilikuwa limeziba njia ya nyongo. Lile kovu langu chini ya mbavu ndipo lilipotoka.

Lakini usiamue kwa kuogopa kovu langu. Uingereza waliwachukua watu 434 wenye mawe yanayouma ila bado hayajaleta madhara mengine, wakawagawa kwa kura: hawa wapasuliwe, wale wapewe dawa za maumivu na ushauri wa chakula. Matokeo yalitoka 2023. Kwa miezi 18, maumivu ya makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa, na katika waliosubiri ni robo tu waliokuwa wamepasuliwa. Ila hata kundi la upasuaji, theluthi nzima walikuwa hawajapasuliwa bado, na miezi 18 si umri wa mtu. Kwa hiyo mimi naelewa hivi: kusubiri si uzembe, mradi usubiri macho wazi.

Ndimu na mafuta ya zeituni anayokusifia shangazi yako, achana nayo. Yale mabonge ya kijani yanayotoka ni mafuta hayohayo yaliyoganda tumboni. Mawe yako yako palepale.

Kwa sasa punguza vya kukaanga na uandike kila yanapokushika: tarehe, saa, ulikula nini. Yakianza kukuzoea, usiahirishe, omba upasuaji wa matundu madogo, na umuulize daktari bila aibu ameshafanya wangapi, maana mrija wa nyongo ukijeruhiwa ni balaa. Na kama wewe na mumeo mnatafuta mtoto, mwambie daktari mapema; mimba huyachochea mawe.

Ila ukiona homa, macho ya manjano, au maumivu yamezidi muda wa masaa matano hayajaachia, nenda hospitali usiku huohuo. Usingoje kupambazuke. Nipigie ukiwa njiani.

Mama yako