Kongamano la mahandaki: wafuate wachimbaji pale mashine inaposimama

Msomaji mmoja ameandika kwamba kazini wanamtuma kwenye kongamano la wajenzi wa mahandaki kwa siku 3. Yeye ni mtaalamu wa kudhibiti maji ya ardhini, na anahofia kwamba atarudi na kalamu za bure na vipeperushi tu. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu wengi watakaokuwa ukumbini wanaamini mashine ya kuchimba handaki imeshamaliza habari ya maji.

Hawajakosea kabisa. Mashine inayobana uso wa uchimbaji kwa udongo au kwa rojo la bentonaiti (aina ya udongo wa mfinyanzi unaokorogwa na maji) hupita chini ya maji bila kisima hata kimoja cha kuvuta maji. Ukiwaambia kila handaki linahitaji visima, hawatakusikiliza tena. Kazi yetu iko pale mashine isipofika, au inapolazimika kusimama: shimo la wima la kuishushia, mahali inapotokea, vipito vinavyounganisha mahandaki pacha, na saa zile mafundi wanapoingia mbele kubadilisha meno ya kichwa cha kukatia. Ratiba ikitoka, pigia mstari mada zinazogusa maeneo hayo manne. Nyingine ziache.

Akitokea wa kubisha, mtajie handaki la reli la Storebælt, Denmark. Mashine za kubana uso kwa udongo zilikuwapo, na mwaka 1991 maji yaliingia yakafurika. Hatimaye visima vilichimbwa kutoka baharini hadi kwenye ardhi iliyo chini ya sakafu ya bahari, ili kupunguza shinikizo la maji kuzunguka njia ya mashine.

Usiende na albamu ya picha za pampu. Beba ukurasa mmoja wenye mchoro wa shimo la wima na hesabu ambayo mtu ataifuata akiwa amesimama na kikombe mkononi. Tuseme chini ya sakafu ya shimo limebaki tabaka la udongo wa mfinyanzi la mita 4, lenye uzito wa kilonyutoni 20 kwa mita ya ujazo. Linakandamiza kwa kilopaskali 80. Chini yake kuna mchanga, na maji ya mchanga huo yakiwekewa bomba hupanda mita 9 juu ya kitako cha mfinyanzi, yaani msukumo wa kilopaskali 88. Sakafu itainuka, hata kama ukuta wa shimo haupitishi tone. Ukitaka uzito uzidi msukumo kwa mara 1.2, kimo hicho cha maji kishushwe hadi mita 6.8. Kwa hiyo unachouza ni mita 2.2 za kushusha shinikizo. Mhandisi wa mahandaki anaelewa lugha hiyo mara moja, kwa kuwa sakafu ikiinuka ni yeye atakayeulizwa.

Mkiwa na banda, wekeni tangi la plastiki angavu lenye urefu wa sentimita 60. Tieni maji kwanza, kisha nyunyizeni mchanga laini ndani yake; mkitanguliza mchanga mkavu, hewa itanaswa na onyesho litaharibika. Zamisheni bomba dogo lenye matundu, lililofungwa kitambaa cha kuchujia, mkiliunganisha na pampu ndogo. Mgeni achimbe kwa kijiko pampu ikiwa imezimwa: kuta zinamiminika. Iwasheni, maji yashuke chini ya shimo, achimbe tena: mchanga ule ule unasimama wima, kwa sababu unyevu uliobaki unashikanisha punje. Kisha izimeni mbele yake. Hapo ataelewa kwa nini jenereta ya akiba ni sehemu ya mfumo, na kwa nini lazima ijulikane maji yatarudi kwa dakika ngapi umeme ukikatika.

Mtu akikuuliza mfumo gani unafaa, usikimbilie ule ulio kwenye bohari yenu. Visima vidogo vya kufyonza kutoka juu havivuti kwa uhakika zaidi ya mita 5 au 6, hata ukiongeza nguvu ya pampu, kwa kuwa kinachosukuma maji juu ni uzito wa hewa. Kwenye mchanga wenye maji mengi, visima virefu vyenye pampu za kuzamishwa. Kwenye udongo laini unaotoa maji kidogo, ejekta (pampu za kisimani zinazofyonza kwa mkondo wa maji unaopita kwa kasi kwenye pua nyembamba), kwani zinavuta hewa pia na kutengeneza ombwe ndani ya kisima kilichozibwa juu. Sema wazi kwamba zinakula umeme na pua zake huliwa na mchanga. Na kama jibu sahihi ni kugandisha ardhi, mwambie hivyo, pamoja na onyo kwamba maji ya ardhini yanayotembea zaidi ya mita 1 au 2 kwa siku yanaweza kuzuia ukuta wa barafu usifunge pale panapotumika maji ya chumvi yaliyopozwa.

Mtu mwenye mradi halisi akikupa kadi, andika nyuma yake, palepale, kina cha sakafu yake na kina cha maji. Ndani ya wiki moja mwombe vitu vitatu: kumbukumbu za mashimo ya uchunguzi, vipimo vya piezomita (mabomba ya kupimia shinikizo la maji ardhini) vya msimu wa mvua na wa kiangazi, na jaribio la kuvuta maji kisimani kwa pampu lililodumu siku kadhaa. Akisema jaribio halijafanyika, mtumie pendekezo la jaribio hilo kabla ya bei ya visima.