Maswali ya Wasomaji: Chembe za Nano, Kipimo na Pumzi

Swali: Ninatafiti athari za nanotyubu za kaboni (mirija myembamba mno) kwa A549, aina ya seli za mapafu zinazokuzwa maabara. Kwa MTT, kipimo cha uhai wa seli, karibu nusu ya seli zinaonekana kufa baada ya saa 24. Mwenzangu ametumia kipimo kingine cha aina hiyo, WST-1, kwa seli hizohizo na kukuta ziko hai. Nani kakosea?
*Mwanafunzi wa uzamili, Morogoro*

Jibu: Yaelekea seli zako ni nzima, ila kipimo kimekupotosha. Jambo hilihili liliwakuta watafiti wa Karlsruhe, Ujerumani, wakalichapisha mwaka 2006: MTT ilionyesha vifo vya kama nusu ya seli, WST-1 haikuonyesha kitu.

MTT ni rangi ya njano ambayo seli hai huigeuza kuwa formazani, yaani fuwele za zambarau zisizoyeyuka majini. Mwishoni unatia kiyeyushi, kisha mashine inasoma rangi. Nanotyubu huzing'ang'ania fuwele hizo zisiyeyuke. Chukua kisima kimoja (kitundu cha sahani ya kupimia) baada ya kutia kiyeyushi, kitazame kwa hadubini. Ukiona mabonge meusi yaliyovaa sindano za zambarau, rangi yako imenaswa pale. WST-1 hutoa rangi inayoyeyuka majini, ndiyo maana ilipona.

Kuna na kosa la kinyume chake: kaboni ni nyeusi na hunyonya mwanga, hivyo namba hupanda na seli mfu zikahesabiwa hai. Katika kila sahani ya visima 96, tenga visima vya chembe na MTT bila seli, na vingine vyenye formazani iliyokwisha kutengenezwa ndipo uongeze chembe. Bila visima hivyo, sisi tusingeyakubali matokeo. Kwa WST-1, zungusha sahani kwenye sentrifuji, hamishia maji ya juu kwenye sahani safi, ndipo usome. LDH, kimeng'enya kinachovuja seli inapoharibika, pia inafaa kama kipimo cha tatu, ingawa kimeng'enya hicho nacho huweza kunata kwenye chembe.

Tena, hukutueleza unautawanyaje unga wako, na hapo ndipo kazi nyingi huharibikia. Utaratibu wa mradi wa Ulaya wa NANOGENOTOX ni mzuri wa kuanzia: pima miligramu 15.36 za unga, lowesha kwa mikrolita 30 za ethanoli (bila hiyo unga usiopenda maji huelea tu), kisha ongeza mililita 5.97 za maji yenye albumini (aina ya protini) asilimia 0.05. Utapata miligramu 2.56 kwa kila mililita. Zamisha chupa katika maji ya barafu, utikise kwa kijiti cha ultrasoniki, yaani cha mawimbi ya sauti, dakika 16. Barafu ikiisha, albumini huiva kama ute wa yai na chembe hurudi kushikana.

Kwa nanotyubu, andika muda na nguvu ya mtikiso, maana mtikiso mrefu huzikata, na urefu wake ndio unaotutia hofu kuliko yote. Mwaka 2008 watafiti wa Edinburgh walizidunga katika tumbo la panya: zile ndefu ziliwasha utando wa ndani kama asbesto, zile fupi na zilizojiviringa hazikufanya hivyo. Ukizikata bila kujua, utatangaza usalama wa kitu ambacho hukukipima.

Swali: Kazi yangu ni kupima unga wa nanotyubu kwenye mizani. Barakoa ya N95 inatosha?
*Fundi wa maabara, Nairobi*

Jibu: Peke yake, hapana. Kichujio chake ni kizuri, lakini hewa hupenya pembeni mwa uso, hasa penye ndevu. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ilipendekeza mwaka 2013 kikomo cha mikrogramu 1 kwa meta moja ya ujazo, wastani wa saa 8. Piga hesabu: miligramu 1 tu ikisambaa katika chumba cha meta 5 kwa 4 kwa 3, hewa inabeba zaidi ya mikrogramu 16 kwa kila meta ya ujazo.

Zima feni. Pima kwanza chupa tupu na kifuniko chake, tia unga ndani ya kabati la kuvuta hewa, funika, ndipo urudi kwenye mizani. Mwendo wa hewa inayovutwa na kabati uwe meta 0.4 hadi 0.5 kwa sekunde. Ukizidi sana, hewa huzunguka na kukurudishia unga usoni. Vaa glavu mbili, futa kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mkavu ni mwiko.

Swali: Mwanangu ana ualbino. Losheni yake ya jua ina oksidi ya zinki ya nano. Haimpenyi ngozi?
*Mama, Mwanza*

Jibu: Mama, endelea kumpaka. Chembe hizo hubaki karibu zote kwenye tabaka la juu la ngozi, lile la seli zilizokufa. Mwaka 2010 watafiti wa Australia waliofuatilia zinki iliyotiwa alama ili itofautike na ile ya mwilini waliikuta kidogo sana katika damu. Saratani ya ngozi ndiyo hatari iliyo mlangoni kwako. Kamati ya kisayansi inayoishauri Tume ya Ulaya iliikubali zinki hiyo hadi asilimia 25 katika bidhaa za kupaka, lakini si za kupuliza, kwa kuwa ikivutwa huweza kudhuru mapafu. Kwa hiyo chagua ya kupaka, rudia kila baada ya saa 2 akiwa nje, na kofia pana na mikono mirefu asiviache.