Nazir: ametengwa na nini, na kwa ajili ya nani?

SWALI: Mwalimu, Bwana asifiwe. Nafundisha Biblia kwa vijana kanisani. Mhubiri mgeni alituambia "Mnadhiri" maana yake ni mtu aliyeacha pombe, tena kwamba Kiebrania cha Zekaria 7:3 kinasema watu walifunga. Nikafungua kamusi, nikakuta neno la mzizi huohuo likitafsiriwa "taji". Nishike lipi? Na Yesu Mnazareti, naye alikuwa Mnadhiri?

JIBU: Amina. Mnadhiri kwa Kiebrania ni nazir. Mzizi wake ni herufi tatu, nun, zayin, resh (n-z-r), na wazo lake ni kutenga: kumtoa mtu au kitu katika matumizi ya kila siku. Kutengwa na nini, au kwa ajili ya nani, hilo kwa kawaida huonyeshwa na kihusishi, yaani neno dogo linaloandamana na kitenzi. Fungua Hesabu 6. Mstari wa 2 una lehazzir pamoja na le-, yaani kujitenga kwa ajili ya BWANA. Hapo Biblia zetu huandika kujiweka wakfu. Mstari wa 3 una kitenzi kilekile, katika kauli ileile ya hifili (moja ya maumbo ya kitenzi cha Kiebrania), ila sasa kimeandamana na min: miyyayin ve-shekhar yazzir, atajitenga na divai na kileo. Msomaji wa Kiswahili anakutana na maneno mawili, wala hana njia ya kujua kwamba Kiebrania kina moja.

Kwa hiyo mhubiri wenu ameshika nusu, na hata hiyo nusu ameipunguza. Kama shabaha ingekuwa ulevi tu, kwa nini Mnadhiri akatazwe zabibu mbichi na zilizokauka, hata kokwa na maganda? Nani alilewa kwa zabibu kavu? Kisha kuna katazo la wembe kichwani, na la kukaribia maiti, hata ya baba au mama yake. Mtu akifa ghafla karibu naye, anazinyoa nywele zake siku ya 7, anatoa sadaka, na siku zote za kwanza zinafutika, anaanza upya.

Angalia pia kwamba mzizi huu peke yake haumfanyi mtu kuwa mwema. Hosea 9:10 wanajitenga kwa ajili ya aibu ya Baali, na Ezekieli 14:7 mtu anajitenga na Mungu mwenyewe. Utakatifu una mzizi wake mwingine, q-d-sh, na ndiyo maana Hesabu 6:8 inaongeza neno qadosh, mtakatifu.

Sasa taji. Kamusi yako haijakosea. Neno hilo la mzizi huohuo ni nezer: ni kile kilichofungwa juu ya kilemba cha kuhani mkuu (Kutoka 29:6), ni taji lililochukuliwa kichwani mwa Sauli (2 Samweli 1:10), na ndilo alilovikwa mtoto Yoashi alipofanywa mfalme (2 Wafalme 11:12). Hesabu 6:7 inasema nezer ya Mungu wake iko juu ya kichwa cha Mnadhiri, naye kichwani hana kitu ila nywele. Mtu wa kawaida, mwanamume au mwanamke, anabeba kichwani neno la kuhani na la mfalme. Siku zake zikitimia ananyoa, na nywele hizo zinatiwa katika moto ulio chini ya sadaka ya amani. Walawi 25:5 inauita nazir hata mzabibu usiopogolewa mwaka wa sabato, kwa kuwa umeachwa uote bila chuma kuugusa. (Mzabibu, kati ya mimea yote!)

Zekaria 7:3 ina hinnazer, kitenzi cha mzizi huu, bila kihusishi chochote: "nijitenge". Kufunga kunasemwa mstari wa 5, kwa kitenzi kingine kabisa, tzum. Kwamba kujitenga kule kulihusu chakula ni hitimisho zuri, lakini limetoka kwenye muktadha, halimo ndani ya neno.

Wafundishe vijana kutochanganya nazir na neder. Neder, yenye herufi dalet (d) mahali pa zayin, ndiyo nadhiri, na neno letu Mnadhiri limejengwa juu ya nadhiri. Wafasiri wa Kigiriki wa kale nao katika Hesabu 6 walimwita mtu huyu aliyeweka nadhiri, na katika sura ile inafaa, kwa kuwa neder imo kweli. Kwa Samsoni haifai. Yeye hakuweka nadhiri yoyote. Malaika alimtangaza nazir kabla hajazaliwa, na mamaye ndiye aliyekatazwa divai.

Nazareti ni suala fupi: jina hilo kwa Kiebrania lina herufi tsade (ts), si zayin (z), kwa hiyo Mnazareti ni mtu wa mji ule. Yesu alikunywa divai hata wakamwita mlevi (Luka 7:34), na alimshika mkono binti wa Yairo aliyekwisha kufa. Anayekaribia kuwa nazir ni Yohana Mbatizaji, aliyekatazwa divai na kileo katika Luka 1:15, ingawa Luka hataji wembe.